Kuhamisha Matairi ya Gari: Mwongozo Kamili wa Kuyafanya Yaishe Sawasawa

Chuchumaa kando ya Toyota IST iliyofungwa matairi manne mapya mwaka jana na haijaguswa tangu hapo. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kisha nenda ukapapase la nyuma. La mbele utakuta kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka kati ya mifereji, zimepungua sana, na kwenye kingo limekuwa kama la mviringo. La nyuma vidole bado vinazama kwenye mifereji yake. Matairi yalinunuliwa siku moja, duka moja, bei moja, lakini mawili yanaelekea kwenye kipara na mawili yana maisha marefu mbele yake.

Sababu iko wazi. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele limebeba injini na giaboksi huko huko mbele, kwa hiyo karibu asilimia 60 ya uzito wake inaelemea matairi mawili. Hayo hayo mawili ndiyo yanayolivuta gari, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ukikanyaga breki. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kufuata. Ndiyo maana ya mbele huweza kwisha kwa kasi mara mbili ya yale ya nyuma. Huku kwetu tunakoendesha upande wa kushoto, tairi la mbele kushoto mara nyingi ndilo linaloumia kuliko yote: ukizunguka kipilefti uzito wa gari unaegemea kwake, na ndilo linalopita pembezoni mwa lami kwenye misumari, changarawe na kingo zilizomong'onyoka. Kwa wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaoendesha upande wa kulia, geuza maelezo hayo.

Kuhamisha matairi, kazi ambayo mafundi wengi huiita rotesheni, hakuongezi mpira hata milimita moja. Kunagawa kazi ili manne yote yachoke pamoja. Faida yake ni kwamba hununui mawili leo na mawili mengine baada ya miezi minane, ukaishia na gari lenye matairi ya aina tatu, kila moja likishika barabara kwa namna yake.

Hamisha kabla jicho halijaona tofauti

Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anasubiri mpaka ya mbele yamekwisha, kisha anamwambia fundi, "Haya ya mbele peleka nyuma, ya nyuma lete mbele." Anaona ameokoa fedha. Kumbe amepeleka matairi yenye kashata ndogo nyuma ya gari, na nyuma ndiko mahali pabaya zaidi pa kuyaweka mvua ikinyesha. Matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, unaachia pedali ya mafuta taratibu na gari linarudi kwenye mstari. Ya nyuma yakiteleza, mkia unahama na gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wala ujuzi wa kulirudisha.

Kwa hiyo usingoje. Kilomita 8,000 hadi 10,000 ni kipimo kizuri kwa gari la kawaida linalotembea kwenye lami. Kama unabadilisha oili kila kilomita 5,000, basi kila oili ya pili hamisha na matairi. Kama gari ni teksi, linabeba mzigo kila siku, au njia yako ni ya vumbi na makorongo, fanya kila oili. Na kwa matairi mapya, usiiruke ile zamu ya kwanza kabisa. Kashata zikiwa bado ndefu zinatikisika zaidi zinapokanyaga barabara, na hapo ndipo ulaji mbaya unapoanza kujichora. Ukishajichora, kuufuta ni kazi.

Na kama umeshachelewa? Tuseme mbele zimebaki milimita 3 na nyuma 6. Ushauri wangu ni kwamba usihamishe. Endelea nayo kama yalivyo mpaka ya mbele yafikie kubadilishwa, kisha nunua mawili mapya, yafunge nyuma, na yale ya nyuma yenye nguvu bado yalete mbele. Anza hesabu mpya kuanzia hapo.

Lijue gari lako linavutwa na wapi

IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio na Alphard nyingi zinavutwa na mbele. Mark II, Crown, Hiace na pikapu za kawaida zinasukumwa na nyuma. Noah zinachanganya watu: zile za zamani zenye injini chini ya viti vya mbele zinasukumwa na nyuma, lakini zilizotoka kuanzia 2001 nyingi zinavutwa na mbele. Usibahatishe. Inama uangalie chini upande wa nyuma: ukiona difu (kile kibumba cha gia katikati ya magurudumu ya nyuma) na bomba refu la propela linalotoka mbele, nguvu inafika nyuma. Kama hakuna, ni gari la mbele. Ukiona propela na huku mbele pia kuna ekseli zinazozungusha magurudumu, hilo ni la magurudumu yote manne.

Kwa gari linalovutwa na mbele, ya mbele yanarudi nyuma moja kwa moja, kila moja upande wake. Ya nyuma yanakuja mbele kwa kupishana: la nyuma kushoto linakwenda mbele kulia, la nyuma kulia linakwenda mbele kushoto.

Kwa gari linalosukumwa na nyuma, na kwa mengi ya magurudumu manne, ni kinyume chake. Ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja, na ya mbele ndiyo yanayopishana yakienda nyuma.

Kabla ya kufuata mpango wowote kati ya hiyo, soma ubavu wa tairi. Ukikuta mshale na neno ROTATION, tairi hilo limetengenezwa lizunguke upande mmoja tu, na mifereji yake huwa imechorwa kama herufi V ili kutoa maji. Hilo halivuki upande. Linabadilishana na mwenzake wa upande ule ule, mbele na nyuma, basi. Ukilipeleka upande wa pili huku likiwa kwenye rimu yake vilevile, litazunguka kinyumenyume na kazi ya kutoa maji itapungua. Lenye neno OUTSIDE ubavuni ni jambo lingine: hilo linaweza kwenda kona yoyote, ilimradi maandishi hayo yabaki nje. Na kama gari lina matairi mapana nyuma na membamba mbele, kama baadhi ya BMW na Mercedes-Benz, mbele na nyuma hazibadilishani kabisa. Unachoweza ni kupishanisha kushoto na kulia, nayo ni pale tu ambapo hakuna mshale.

Wenye Subaru Forester, RAV4 ya magurudumu manne na ndugu zake wawe wakali zaidi kwenye ratiba. Matairi yakitofautiana kashata, yanatofautiana na mzingo, na gari linayaona kama magurudumu yanayozunguka kwa kasi tofauti muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Mfumo wa kugawa nguvu unalazimika kupambana na tofauti hiyo bila kupumzika, unapata joto, na matengenezo yake ni ghali kuliko seti nzima ya matairi. Subaru wao wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi milimita 6.4.

Spea: iingie zamu au isiingie?

Kama spea yako ni ya saizi ile ile, aina ile ile na rimu ile ile, iingize kwenye mzunguko. Inakusaidia mara mbili: matairi matano yanagawana kazi ya manne, na spea haizeeki ikiwa imelala chini ya gari mpaka mpira unapasuka kabla haijagusa lami. Kwa gari linalosukumwa na nyuma mpango ni huu: la mbele kushoto linakuwa spea, spea inakwenda nyuma kulia, la nyuma kulia linakuja mbele kulia, la mbele kulia linakwenda nyuma kushoto, na la nyuma kushoto linakuja mbele kushoto. Wenye Land Cruiser na Hilux wanaosafiri mbali na miji wanapaswa kufanya hivi bila kujadili.

Ile spea nyembamba ya dharura yenye onyo la kilomita 80 kwa saa haina zamu. Lakini ina kazi nyingine nzuri, kama utakavyoona huko chini.

Vifaa, na mahali pa kufanyia

Unahitaji jeki, spana ya tairi (Toyota nyingi ndogo ni namba 21), mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu, brashi ya waya, kipimo cha upepo na chaki. Stendi za kuegesha gari ni bora sana ukizipata. Eneo liwe tambarare na gumu. Kwenye mchanga au udongo laini, weka ubao mpana chini ya jeki, la sivyo itazama gari likiwa juu. Na hata siku moja usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kipimo cha kina cha kashata ni cha bei ndogo, lakini kama huna, njiti ya kiberiti inatosha. Isimamishe ndani ya mfereji, weka alama ya kucha pale inapolingana na uso wa tairi, kisha ipime kwenye rula. Tairi jipya la gari dogo huwa na kama milimita 8. Ndani ya mifereji utaona vituta vidogo vimevuka kutoka ukuta hadi ukuta, na ubavuni kuna herufi TWI au alama ya pembetatu zinazoonyesha vilipo. Vituta hivyo vina urefu wa milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha, na kulihamisha hakuna maana.

Soma tairi kabla ya kulitoa

Andika kwa chaki kwenye kila tairi lilikotoka: MK kwa mbele kushoto, NL kwa nyuma kulia, na kadhalika. Kisha pima kila moja sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Fanya hivi kwa makini, kwa sababu tairi linakueleza ugonjwa wa gari, na ukilihamisha bila kusikiliza utaueneza ugonjwa huo kwenye matairi yote manne.

Kingo zote mbili zikiwa zimelika kuliko katikati, umekuwa ukitembea na upepo mdogo. Katikati ikilika zaidi, upepo umezidi. Haya mawili yanatibiwa na kipimo cha upepo tu.

Ukingo mmoja ukilika peke yake, hasa wa ndani ambao watu hawauoni mpaka tairi litolewe, tatizo liko kwenye mkao wa magurudumu. Papasa uso wa tairi kwa kiganja kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Kama upande mmoja kiganja kinateleza na upande wa pili kinakwaruzwa na ncha kali kama za msumeno, magurudumu hayaelekei sambamba, na kila kilomita tairi linaburuzwa kidogo ubavu. Nenda kafanyiwe alaimenti. Lakini kabla ya kulipia alaimenti mwambie fundi akague boljointi, bushi na ncha za mikono ya stelingi. Kurekebisha mkao wa gari lenye bushi zilizokufa ni kutupa fedha, maana shimo la kwanza linaurudisha ulipokuwa.

Mabonde mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi, hapa pameinama, pale pameinuka, mara nyingi ni shokapu zilizochoka au gurudumu lisilo na balansi: tairi linadunda badala ya kukanyaga. Kipara kimoja cha mahali pamoja tu ni alama ya breki iliyowahi kukaza gurudumu likaburuzwa.

Angalia pia ubavu. Uvimbe kama jipu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi kwa kupiga shimo kwa kasi. Hilo halihamishwi, linaondolewa leo. Halafu tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wanaonunua matairi ya mtumba wanahitaji kulisoma hili kuliko wengine, kwa sababu kashata nene inaweza kukaa juu ya mpira wa miaka 10 uliokakamaa na kuanza kupasuka nyufa. Kuanzia mwaka wa tano tairi likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 liondoke hata kama linaonekana zima.

Kazi yenyewe, ukiwa na jeki moja

Karakana yenye lifti inamaliza kazi hii kwa dakika chache. Nyumbani, watu wengi hukwama kwa kudhani wanahitaji jeki mbili au stendi nne. Spea inakutoa, hata ile nyembamba, kwa sababu inashikilia kona moja wakati matairi mengine yanahama, na gari haliendeshwi ikiwa imefungwa.

Zima injini, vuta hendibreki, weka gia ya kwanza au P kwa gari la otomatiki. Zuia kwa mawe magurudumu ya upande mwingine kabisa na ule unaoinua, na ukifika kuinua nyuma kumbuka kwamba hendibreki ya magari mengi inashika nyuma tu, hivyo mawe yawe mbele. Legeza nati robo mzunguko gari likiwa bado chini. Jeki ikae pale palipoandaliwa: magari mengi madogo yana mapengo mawili madogo kwenye mkunjo wa bati chini ya milango, na jeki inaingia katikati ya hayo mapengo. Ukiiweka popote, utakunja bati.

Kwa gari linalovutwa na mbele, fuata mfuatano huu. Inua mbele kushoto, toa tairi, funga spea. Nenda nyuma kushoto, toa tairi la hapo, funga lile la mbele kushoto. Nenda mbele kulia, toa la hapo, funga lile lililotoka nyuma kushoto. Nenda nyuma kulia, toa la hapo, funga lile lililotoka mbele kulia. Rudi mbele kushoto, toa spea, funga lile lililotoka nyuma kulia. Umeinua mara tano na kila tairi limefika kwake.

Kwa gari linalosukumwa na nyuma: spea mbele kushoto, tairi la mbele kushoto liende nyuma kulia, la nyuma kulia liende mbele kulia, la mbele kulia liende nyuma kushoto, la nyuma kushoto liende mbele kushoto, spea itoke. Yenye mishale, unafanya upande mmoja mmoja, ukiinua mara tatu kila upande.

Kila gurudumu linapokuwa nje, tumia nafasi hiyo. Sugua kutu na udongo kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kwa sababu chembe ndogo iliyobanwa kati ya habu na rimu inafanya gurudumu likae upande na nati zilegee baadaye. Angalia unene wa brekipedi. Angalia ule mpira mweusi wa mikunjomikunjo kwenye ekseli ya mbele. Ukiona grisi imetapakaa ndani ya rimu, umepasuka, na ukiuwahi unabadilisha mpira badala ya jointi nzima.

Rudisha nati kwa mkono kwanza, upande uliochongoka ukielekea kwenye rimu. Usipake oili wala grisi kwenye nyuzi zake. Zikaze kiasi, shusha gari, kisha kaza kwa kuruka: ukikaza moja, inayofuata ni iliyo mkabala nayo, siyo jirani yake. Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya 103 Nm. Kama huna spana yenye kipimo cha nguvu, chukua hesabu hii: kwa spana yenye mkono wa sentimita 25, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 42 hivi unaoning'inia kwenye ncha yake. Mtu mzima akisimama juu ya spana na kurukaruka amezidisha mno, na mashine ya upepo ya gereji inaweza kuzidisha zaidi. Nati iliyokazwa kupita kiasi inavuta bolti mpaka inachoka, na siku ya pancha usiku njiani hutaweza kuifungua. Ukienda gereji, omba wamalizie kwa mkono, nawe usimame hapo uone.

Upepo, na kilomita 100 za mwanzo

Hapa ndipo wengi wanaposahau. Magari mengi hayatumii upepo sawa mbele na nyuma, na tairi limehama na upepo wake wa zamani. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Kwenye magari yaliyotoka Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 220 kPa, ambayo pia huandikwa 2.2, ni kama 32 psi. 230 ni 33. 240 ni karibu 35. Fuata kibandiko hicho, siyo namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, maana ile ni kikomo cha tairi lenyewe na haihusu gari lako. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukijaza sheli baada ya safari ndefu, matairi yana moto na kipimo kitakudanganya kwa kusoma juu. Magari mapya yenye taa ya upepo kwenye dashibodi huenda yakahitaji mfumo huo uwekwe upya.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena. Katika kilomita hizo sikiliza. Mvumo ambao ulikuwa nyuma ukihamia mbele, umepata uhakika kwamba ni tairi na siyo beringi. Gari lililokuwa likivuta kushoto likianza kuvuta kulia, au likinyooka, tatizo ni la tairi. Likiendelea kuvuta kushoto vilevile, turudi kwenye alaimenti. Mtikisiko mpya wa stelingi ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa ni wa balansi: gurudumu lililokuwa nyuma likitikisika bila kusikika sasa liko mbele, mikononi mwako.

Mwisho, chukua ile kadi ya oili waliyokuning'inizia gereji, igeuze, uandike kilomita za leo, vina vya kashata za matairi yote manne, na kilomita za kuhamisha tena.